Kupima ubongo kwa mwanga wa infraredi bila kujidanganya: mwongozo kwa anayefanya kazi Tabora au Kigoma

Mashine ya kupima ubongo kwa mwanga wa infraredi haijui kukataa. Ukiifunga vizuri itachora mstari mwekundu wa hemoglobini yenye oksijeni na mstari wa bluu wa ile iliyokwisha kuiachia. Ukiifunga juu ya wigi itachora mistari hiyohiyo, na pengine ikapendeza zaidi. Kwa hiyo usahihi hautafutwi kwenye grafu. Unatafutwa kabla, ngazi kwa ngazi: kwanza taa, kisha kichwa bandia, kisha mkono wa mtu, na mwisho kabisa kichwa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kifaa kidogo cha LED, cha kununua au cha kuunda mwenyewe, anayefanya kazi kwenye chumba kisicho na kiyoyozi.

Msingi ni mfupi. Mwaka 1977 Frans Jöbsis, akiwa Marekani, alionyesha kwamba mwanga ulio karibu na nyekundu hupenya ngozi na mfupa na kurudi na habari za oksijeni ya ubongo. Kati ya nanomita 650 na 950 mwili hufyonza mwanga kidogo. Chini ya nanomita 800 hivi, hemoglobini isiyo na oksijeni (HbR) ndiyo hufyonza zaidi. Juu ya hapo ni ile yenye oksijeni (HbO). Ndiyo maana vifaa vingi hutumia taa mbili, mara nyingi 760 na 850. Badiliko la ufyonzaji kwenye kila taa ni kigawo cha ufyonzaji (namba ya jinsi hemoglobini inavyofyonza mwanga wa nanomita hizo) mara badiliko la hemoglobini, vikijumlishwa kwa HbO na HbR, mara umbali kati ya taa na kipokezi, mara kizidisho cha njia, kwa kuwa mwanga haupiti moja kwa moja bali huzurura. Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili. Kosa lolote kwenye kigawo, umbali au kizidisho huingia kwenye jibu bila kubisha hodi.

Hatua ya 1: Ijue taa yako halisi, si iliyoandikwa kwenye pakiti

LED iliyoandikwa 760 inaweza kutoka kiwandani ikiwa na kilele nanomita 5 hadi 10 pembeni, na mwanga wake umesambaa kwenye upana wa nanomita 25 hadi 40. Diodi ya leza huwa na upana wa nanomita 1 hivi, lakini nayo husogea kwa joto, na inahitaji tahadhari kubwa zaidi ya macho. Kwenye 850 kuteleza huko hakuna madhara makubwa. Kwenye 760 ni hatari, kwa sababu HbR ina kilele chake hapohapo na mteremko baada yake ni mkali. Tazama vigawo hivi (kwa sentimita kwa molari, logi ya 10):

760: HbO 586, HbR 1,549
770: HbO 650, HbR 1,312
850: HbO 1,058, HbR 691

Tuseme ubongo umefanya kazi, HbO imepanda mikromola 1 na HbR imeshuka 0.3. Taa yako kwa kweli ni 770 lakini programu imeambiwa 760. Ukipiga hesabu, programu itakuonyesha HbO 0.92 na HbR −0.18. HbO imepungua asilimia 8, jambo ambalo wengi wangelivumilia. HbR imepoteza karibu asilimia 40 ya ukubwa wake. Makala nyingi zinazolalamika kwamba "HbR haikuonyesha badiliko" zingefaa kuulizwa kwanza kuhusu taa.

Njia bora ni kupeleka LED kwenye maabara ya fizikia au kemia ya chuo kikuu ipimwe kwa spektromita (kifaa kinachoonyesha mwanga una nanomita zipi) ikiwa inawaka kwa mkondo uleule utakaoutumia. Ukikosa, unda ya kwako: CD iliyobanduliwa rangi yake kwa utepe wa gundi (mifereji yake iko nanomita 1,600 mmoja hadi mwingine), mwanya mwembamba wa nyembe mbili, na kamera ya kompyuta iliyotolewa kichujio cha infraredi. Usitumie DVD: mifereji yake iko nanomita 740, hivyo mwanga wa 760 unaoingia wima hauna pa kutokea. Kwa CD, mwanga wa 760 hupinda nyuzi 28.4 na wa 850 nyuzi 32.1. Kwenye ubao ulio mita 1 mbele, nanomita 10 karibu na 760 ni kama milimita 9. Sawazisha kwa leza ya kijani ya nanomita 532, ambayo inapaswa kutua nyuzi 19.4, na usiielekeze machoni mwa mtu.

Ukishapata umbo la mwanga wa LED, usichukue kigawo cha kilele peke yake. Kokotoa wastani wa vigawo kwa uzito wa mwanga ulioko kwenye kila nanomita, kisha uandike wastani huo kwenye programu.

Hatua ya 2: Joto

Hapa ndipo kazi nyingi za Tabora za Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanguka, zinapoharibika kimyakimya. LED ikipata joto, kilele chake husogea nanomita 0.1 hadi 0.3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Hilo bado dogo. Kubwa ni kwamba mng'ao wake hushuka, mara nyingi karibu nusu asilimia kwa kila nyuzi moja.

Rudi kwenye mfano wetu. Ukichukua umbali wa sentimita 3 na kizidisho cha 6, njia ya mwanga ni sentimita 18. Badiliko lile la ubongo hupunguza mwanga wa 850 kwa asilimia 3.5, lakini ule wa 760 kwa asilimia 0.5 tu, maana pale kupanda kwa HbO na kushuka kwa HbR kunakaribia kufutana. Maana yake: nyuzi moja ya joto kwenye LED ya 760 ni sawa na ishara nzima unayoitafuta.

Washa kifaa dakika 30 kabla ya kuanza. Endesha LED kwa saketi ya mkondo usiobadilika. Resista peke yake kwenye betri haitoshi, kwani volti ikishuka mwanga nao hushuka. Gundisha kipima joto kidogo (DS18B20 au LM35) kando ya LED na urekodi usomaji wake pamoja na data, si kwenye daftari la pembeni. Baada ya kumvalisha mtu kofia, ngoja dakika 5 zaidi, kwa sababu ngozi ya kichwa yenyewe huipasha LED. Feni ya dari ama iwake muda wote ama izimwe muda wote; kuiwasha katikati ya kipimo ni kuingiza badiliko la joto kwenye LED na kwenye ngozi kwa pamoja. Na umeme ukikatika jenereta ikashika, usiunganishe vipande viwili vya kipimo. Tumia betri tangu mwanzo na laptopu isiwe kwenye chaja.

Hatua ya 3: Kipokezi na hesabu ya ngazi

Bodi za Arduino Uno R3 ni rahisi kupata na ndizo wanafunzi huanza nazo, lakini kibadilishi chake (sehemu inayogeuza volti kuwa namba) kina biti 10, yaani ngazi 1,024. Ishara ikikaa katikati, ngazi moja ni asilimia 0.2. Badiliko lako la asilimia 0.5 litakuwa ngazi mbili na nusu, na hakuna uchujaji wa baadaye utakaoleta kisichorekodiwa. Tumia kibadilishi cha nje cha biti 16 au zaidi; kwa biti 16 ngazi moja inakuwa asilimia 0.003. Kwa kipokezi, OPT101 yenye kikuza ishara ndani yake inatosha kwa paji la uso. Weka ukubwa wa mwanga ili usomaji uwe kati ya asilimia 30 na 70 ya upeo. Ukigonga upeo, mstari utalala, na programu itauchukulia kama ubongo uliotulia.

Washa taa kwa zamu: 760, kisha 850, kisha zote zizimwe. Usomaji wa giza utolewe kwenye kila usomaji wa taa, katika mzunguko uleule. Mizunguko 10 kwa sekunde inatosha, na mapigo ya moyo yataonekana.

Hatua ya 4: Giza la kweli

Jua lina infraredi nyingi, na balbu za zamani za waya pia. Taa za LED za nyumbani zina kidogo, ila nyingi humeremeta mara 100 kwa sekunde kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera za ulinzi za usiku ndizo husahaulika: nyingi humulika kwa nanomita 850 hasa, na jioni hujiwasha zenyewe.

Kufunika kichwa kwa kaniki ni wazo la haraka, na mara nyingi halifai. Kitambaa kilicho cheusi kwa jicho kinaweza kuwa kama kioo kwa nanomita 850, kwa sababu rangi nyingi za nguo hazifyonzi infraredi. Kijaribu hivi: chukua rimoti ya televisheni, weka kitambaa mbele yake, bonyeza kitufe na utazame kwa kamera ya mbele ya simu. Ukiona nukta ya zambarau inang'aa kupitia kitambaa, hakifai. Weka karatasi ya foili ya jikoni kati ya tabaka mbili za kitambaa na ujaribu tena. Kisha, kofia ikiwa kichwani na taa zote za kifaa zimezimwa, fungua na ufunge pazia la dirisha. Usomaji wa giza ukitikisika, mwanga unavuja, na mara nyingi unavujia ukingoni karibu na sikio.

Hatua ya 5: Kichwa bandia

Cha kwanza ni cha utulivu tu. Vibao viwili au vitatu vyeupe vya plastiki vya kukatia mboga, vikipangwa na kuzungushiwa foili kwa nje, hutawanya mwanga vya kutosha. Funga taa na kipokezi juu yake, rekodi saa nzima, na uchore mwanga pamoja na joto la LED. Baada ya nusu saa ya kwanza mwanga usihame zaidi ya asilimia 1. Ukiona mistari miwili, wa mwanga na wa joto, inafuatana, rudi hatua ya 2.

Cha pili kifanane na kichwa. Resini ya epoksi, unga mweupe wa titani dioksaidi gramu 1 hadi 2 kwa lita, na matone ya wino wa kaboni. Wino wa kalamu ya kawaida haufai kwa sababu ileile ya kaniki; tafuta wino wa kuchorea wenye kaboni. Koroga polepole kuzuia mapovu, na uendelee mpaka resini ianze kukaza, la sivyo unga utatua chini na upande mmoja utakuwa mweupe zaidi.

Cha tatu ndicho kinachopima usahihi wenyewe, nacho ni cha damu. Lita moja: mililita 50 za dripu ya mafuta ya asilimia 20 (hospitali huitumia kulishia wagonjwa), mililita 20 za damu ya ng'ombe kutoka machinjioni iliyowekwa heparini papo hapo, na kilichobaki dripu ya chumvi ya asilimia 0.9. Maji matupu hupasua chembe za damu. Ikiwa damu ina gramu 12 za hemoglobini kwa desilita, mchanganyiko utakuwa na takriban mikromola 37. Uweke kwenye nyuzi 37, ukoroge, upulizie hewa kwa pampu ya tangi la samaki mpaka mistari itulie. Zima pampu, tia hamira ya mkate kijiko cha chai. Hamira itakula oksijeni, HbO itashuka na HbR itapanda.

Sasa angalia jumla ya hizo mbili. Hakuna damu iliyoingia wala kutoka, kwa hiyo jumla ibaki bapa. Taa ya 770 iliyosajiliwa kama 760 hujifichua hapa: kwa kila mikromola 1 inayobadilika kutoka HbO kuwa HbR, jumla itaonekana kushuka kama 0.09. Usidai ubapa kamili kwenye mwendo mzima kutoka oksijeni yote hadi sifuri, kwani ufyonzaji ukibadilika sana njia ya mwanga nayo hubadilika na mlinganyo wetu ni wa mabadiliko madogo. Pima kwenye vipande vifupi.

Hatua ya 6: Mkono

Hiki ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote na ajabu ni kwamba hurukwa. Funga taa na kipokezi kwenye mkono chini ya kiwiko, na mkanda wa kupimia presha juu ya kiwiko. Rekodi dakika 2 za utulivu. Jaza mkanda upesi, ndani ya sekunde chache, hadi milimita 50 juu ya presha ya juu ya mtu huyo. Shikilia dakika 3, kisha achia ghafla. Usimfanyie mwenye selimundu, mwenye tatizo la damu kuganda, wala mkono wenye njia ya kusafishia figo.

HbO ishuke taratibu, HbR ipande kwa kasi inayolingana, jumla isihame sana. Ukiachia, HbO iruke juu ya ilipoanzia. Jumla ikipanda wakati mkanda umebana, umejaza polepole na damu imenasa. Mistari yote miwili ikienda upande mmoja kwa umbo moja, ama taa imesogea ama mwanga unavuja. Ikiwa kila kitu kiko kinyume, HbO inapanda mkanda ukibana, mpangilio wa taa kwenye faili umegeuzwa, kosa ambalo lingeweza kukaa mwaka mzima kwenye data za ubongo bila kujulikana.

Hatua ya 7: Kichwa

Anza na paji la uso, pasipo nywele. Kwa futi ya fundi cherehani pima kutoka mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogo. Ikiwa ni sentimita 36, panda 3.6 kutoka mzizi wa pua uweke alama ya katikati. Pima mzunguko wa kichwa. Ukiwa 56, nenda 2.8 kushoto na 2.8 kulia. Hizo ni Fp1 (kushoto) na Fp2 (kulia), majina ya kimataifa ya sehemu hizo za paji.

Umbali kati ya taa na kipokezi ni sentimita 3 kwa mtu mzima, 2 hadi 2.5 kwa mtoto mdogo. Upime kofia ikiwa imeshavaliwa, si mezani, maana kitambaa huvutika. Kila sentimita ya ziada hupunguza mwanga takriban mara 10. Weka pia kipokezi cha pili milimita 8 kutoka kwenye taa: hicho huona ngozi tu, na ndicho kitakachokusaidia hatua inayofuata.

Ngozi nyeusi hufyonza sehemu ya mwanga, lakini melanini haibadiliki mtu akifikiri, hivyo haipotoshi badiliko. Inapunguza tu nguvu ya ishara, na dawa yake ni kuongeza mkondo wa LED na kuangalia usomaji wa giza. Nywele ndizo tabu. Tenganisha kwa kijiti cha mbao, tia jeli ya ultrasaundi, shusha taa hadi iguse ngozi. Kwa waliosuka, njia kati ya mistari ya twende kilioni hufaa ikiwa umbali wake unakubaliana na kofia. Kwa rasta nene, panga miadi siku ya kufumua kabla mhusika hajasuka upya, na mwambie mapema. Kuwatupa watu wenye nywele nene kwa sababu "chaneli zilikuwa mbovu" kunageuza sampuli yako, na mara nyingi wanaotupwa ni wanawake.

Kofia ikibana sana, damu hutoka kwenye ngozi na kichwa kitauma. Kabla ya kuanza, tafuta mapigo ya moyo kwenye taa zote mbili. Linganisha mawimbi ya taa hizo kati ya hezi 0.5 na 2.5, palipo na mapigo ya moyo; uhusiano wake (korelesheni) ukiwa chini ya 0.75, inua kofia upange upya.

Tabora na Kigoma ni mikoa yenye malaria nyingi, na upungufu wa damu huja nayo. Damu ikiwa pungufu, badiliko la hemoglobini nalo huwa dogo. Pima wingi wa hemoglobini ya kila mshiriki kwa tone la kidole, na mwenye homa mpangie siku nyingine. Kulinganisha kundi lenye damu pungufu na lenye damu kamili bila namba hiyo ni kulinganisha damu, si akili. Vibali vya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) viwe mkononi kabla ya mshiriki wa kwanza.

Hatua ya 8: Kazi ya kufanya

Kipindi cha kazi sekunde 20, pumziko linalobadilika kati ya 20 na 30. Lisiwe la urefu mmoja, kwa sababu presha ya damu ina wimbi lake la kila sekunde 10 hivi ambalo litapatana na ratiba yako na kuonekana kama ubongo. Kusema hutikisa misuli ya taya na hubadilisha pumzi, kwa hiyo hata kwenye pumziko mtu aseme kitu. Kwa mama mtu mzima wa Kigoma maelekezo yawe mepesi: "Bibi, ukisikia kengele, taja samaki wote wa ziwani unaowafahamu. Ikilia tena, hesabu moja hadi tano, taratibu, unarudia." Taya inafanya kazi ileile pande zote mbili, kinachobaki ni kutafuta majina.

Wakati wa kuchambua, toa mchango wa chaneli fupi (ya kipokezi cha milimita 8) kwenye chaneli ndefu (ya sentimita 3). Mtu akiona haya au akijitahidi, damu ya ngozi ya paji hupanda, na bila chaneli fupi huwezi kutofautisha jitihada na aibu.

Hatua ya 9: Hesabu

Vigawo vilivyo hapo juu ni vya logi ya 10. Ukitumia logi asilia, vizidishe kwa 2.303, la sivyo majibu yako yote yatakuwa makubwa zaidi ya mara mbili. Kizidisho cha njia cha 6 kwa kila taa ni makadirio tu. Mlinganyo wa Scholkmann na Wolf wa 2013 humpa mtu wa miaka 25 takriban 6.2 kwenye 760 na 5.1 kwenye 850. Kosa la hapa si la ukubwa peke yake, huchanganya HbO na HbR pia. Ukibadilisha chochote kwenye programu, ipitishe upya rekodi ya mkono ya hatua ya 6 kabla ya kugusa data za kichwa. Hifadhi mwanga ghafi wa kila taa, usomaji wa giza, joto la LED na nanomita ulizopima, na kwenye ripoti andika nanomita hizo, si zile za kwenye pakiti.